H.G. Wells: Mwandishi aliyepigana vita vyake sakafuni

MTOTO wa Busia au Malaba hangoji kununuliwa cha kuchezea. Malori yanayopanga foleni kuelekea Uganda huyaiga kwa mabua na mikebe. Hata vijiti vya aiskrimu vilivyotupwa njiani vinatosha kuwa samani: hukatwa ncha za mviringo, vikapasuliwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi nyeupe ya maseremala. Meza ya kumfaa askari wa kimo cha sentimita 3 haizidi sentimita moja na nusu.

Ulaya na Marekani watu wazima huunda samani kama hizo kupamba michezo ya vita ya mezani. Wengi wao, wajue wasijue, wanafuata nyayo za Mwingereza Herbert George Wells.

Wells alizaliwa Septemba 21, 1866 mjini Bromley. Babake, mchezaji kriketi, alikuwa na kiduka kisicholeta faida. Mwaka 1880 mamake aliajiriwa kuwasimamia watumishi wa Uppark, jumba la mabwanyenye katika jimbo la Sussex. Humo mlikuwa na nyumba ya wanasesere ya karne ya 18, yenye samani zake ndogo ndogo. Nyumba ya aina hiyo aliitia katika riwaya yake Tono-Bungay ya mwaka 1909.

Kijana huyo alipelekwa kujifunza kazi katika duka la nguo, akaichukia. Msaada wa masomo alioupata mwaka 1884 ulimfikisha London, akafundishwa biolojia na Thomas Huxley. The Time Machine (1895) na The War of the Worlds (1898) zilimpa jina na fedha.

Akiwa baba wa wavulana wawili, waliozaliwa 1901 na 1903, Wells aliugeuza mchezo kuwa kazi ya kuandikiwa vitabu. Floor Games kilitoka 1911 na Little Wars 1913. Sakafu ikawa nchi: matofali ya mbao yakawa majumba, vijitawi vya bustanini vikawa miti. Askari wa miguu alisogea futi moja, mpanda farasi futi mbili, na mizinga ya springi ilirusha vipande vya mti vya takriban inchi moja. Pazia lilitenganisha pande mbili hadi majeshi yapangwe.

Kanuni moja inastahili kuangaliwa na msomaji wa mpakani. Mchezaji aliyeipanga nchi hakuruhusiwa kuchagua upande wake. Mwenzake ndiye aliyechagua. Kwa hiyo alilazimika kupanga kwa haki, asije akaangukia upande mbovu. Waliouchora mpaka wa Kenya na Uganda hawakubanwa na sharti kama hilo. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya jirani, na mwaka 1926 mstari ukathibitishwa. Wateso na Wasamia wakajikuta huku na huko, na hakuna aliyewauliza wangependa upande upi.

Wells alitumaini kwamba aliyepoteza askari wa risasi sakafuni angeionea kinyaa vita halisi. Mwaka mmoja tu baada ya Little Wars, Vita vya Kwanza vya Dunia vililipuka, naye akaviunga mkono. Aliandika kitabu akidai vingekuwa vita vya kukomesha vita vyote, na mwaka 1918 aliitumikia serikali katika uenezi wa propaganda. Wakati huo maelfu ya vijana wa Nyanza, mkoa uliojumuisha Busia ya leo, walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Hapa ndipo mwandishi huyu anapokuwa mgumu kutetewa.

Baadaye alijaribu kurekebisha njia yake. Mwaka 1940 aliongoza juhudi za kuandika tamko la haki za binadamu, miaka minane kabla ya lile la Umoja wa Mataifa.

Michezo yake haikufa. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons & Dragons mwaka 1974, aliandika dibaji ya toleo la Little Wars la mwaka 2004. Katika michezo ya aina hiyo hakuna hoteli wala ngome inayokamilika bila viti na meza zake, na ndiyo maana vijiti vya aiskrimu vina wanunuzi.

Wells alifariki London Agosti 13, 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima kuteketezwa kwa bomu la atomiki, silaha ambayo yeye mwenyewe aliitaja katika riwaya ya mwaka 1914.