Selim Bey, aliyebaki Kavalli



Wakisimulia habari za Kavalli, kule juu ya Ziwa Albert, wengi wanataja Stanley na Emin Pasha. Sisi leo tunamtaja aliyeachwa: Selim Bey, afisa Msudani wa jeshi la Misri.

Vita vya Mahdi vilifunga njia ya Khartoum, na askari wa Emin wakakaa miaka bila mshahara. Mwaka 1888 Selim alikuwa kati ya wakubwa waliotetea boma la Dufile. Stanley alipokuja kuwaondoa, Selim alitumwa Wadelai kukusanya watu. Kazi hiyo, na wamama, watoto, wazee na mizigo, haiishe kwa juma moja. Stanley hakungoja: tarehe 10/4/1889 aliondoka na Emin. Selim alipofika, msafara ulikwisha kwenda.

Wakakaa hapo miaka mbili na zaidi. Walijenga, wakalima, wakapanda pamba na kufuma nguo wenyewe. Wengine walivaa ngozi tu. Vyeo na maandishi ya jeshi viliendelea, hata kama hakuna aliyewalipa. Tuseme ukweli pia: wenyeji waliteseka sana, juu ya ng'ombe na chakula walivyonyang'anywa na askari hao.

Mwaka 1891 Emin alirudi, lakini sasa alikuwa kazini kwa Wajerumani. Selim akakataa kumfuata. Yeye alijihesabu bado askari wa mtawala wa Misri. Mwezi wa 9 akafika Lugard, mwakilishi wa kampuni ya Waingereza. Sherti la Selim likawa lile lile: ruhusa itoke Misri. Wakapatana iombwe, na wakati wa kungoja watoke Kavalli.

Askari walikuwa karibu 600, lakini walioondoka walipita 8,000. Sisi tunaozunguka na orodha za warudi tunaijua tofauti hiyo: ukihesabu bunduki tu, jamaa nzima inabaki nje ya karatasi.

Wengi waliwekwa katika maboma ya Toro, wengine wakapelekwa Buganda. Mwaka 1893 Waingereza walimshitaki Selim kwamba anasimama na Waislamu wa Buganda. Walimvua madaraka, wakamsafirisha kuelekea pwani akiwa mgonjwa. Alifia njiani, Naivasha. Wajukuu wa watu wake wako mpaka leo Uganda, na Kibera kule Nairobi, wanaitwa Wanubi.