Kofia ya William Penn

Ramadhani iliyopita mkwe wangu alipika shurba ya Quaker, na mjukuu wangu akaniuliza yule mzee wa kofia kwenye kopo ni nani. Wengi husema ni William Penn, wenye kampuni wanasema si mtu yeyote khasa. Lakini Penn alikuwepo, na kisa chake nilikipenda tangu nikisomesha historia, kwa sababu na mimi niliwahi kuvuliwa kofia. Ilikuwa sekondari ya misheni, sisi Waislamu tukiwa wachache. Hakuna aliyetukataza kusali. Ila kofia ilikuwa marufuku, yangu ikachukuliwa, na Ijumaa mchana ruhusa ya kwenda msikitini haikuwepo.

Penn alizaliwa London mwaka 1644, mtoto wa amiri wa jeshi la majini. Mwaka 1662 alifukuzwa Oxford kwa kukataa kufuata ibada ya kanisa la serikali. Miaka mitano baadaye, yuko Ireland kwa shughuli za mashamba ya babake, akaingia madhehebu ya Marafiki, ndio hao Quaker. Watu hawa zama hizo hawakuwa na mapadri, hawakuwa wakila kiapo, wala hawakuwa wakimvulia kofia binadamu, awe jaji au mfalme. Kofia ilivuliwa wakati wa kumuomba Mungu tu.

Sasa tazama sheria ilivyokuwa ikinasa. Ya mwaka 1662 ilimwadhibu Quaker aliyekataa kiapo. Ya 1664 ilikataza watu watano au zaidi, ukiwatoa wenye nyumba, kukusanyika kwa ibada isiyo ya kanisa la serikali. Basi aliyekamatwa kwa jambo dogo tu aliambiwa aape, akikataa ana kosa la pili. Hapakuwa na haja ya kumuuliza anaamini nini.

Agosti 1670 Marafiki walikuta askari wamewafungia nyumba yao ya ibada, mtaa wa Gracechurch Street. Penn akahubiri palepale barabarani, akakamatwa pamoja na mwenzake William Mead. Kesi ikawa Old Bailey. Wameingia vichwa wazi, mkubwa wa mahakama akaamuru wavishwe kofia, halafu akawatoza faini kwa kutozivua! Wallahi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Wazee wa baraza kumi na wawili walitakiwa waseme kuwa Penn ana hatia ya kukusanya watu kwa fujo. Wao wakasema amezungumza mtaani, basi. Wakafungiwa usiku mbili bila chakula, maji wala moto, hawakugeuka, mwisho wakasema hana hatia. Faini ikawageukia wao, na waliokataa kulipa wakatiwa jela. Mmoja wao, Edward Bushel, alipeleka shauri lake mahakama ya juu akashinda, na tokea hapo jaji wa Uingereza hawezi kumwadhibu mzee wa baraza kwa uamuzi wake. Nyinyi mlioko Uingereza mnaopata barua za kuitwa mahakamani kwa kazi hiyo, mjue ilikotoka.

Babake Penn alifariki mwezi huohuo wa kesi, akiwa anamdai mfalme, deni lililokuja kuhesabiwa pauni 16,000. Mwaka 1681 mfalme alimlipa mtoto kwa ardhi ya Marekani, ndiyo Pennsylvania. Huko Penn aliweka sheria kwamba anayekiri Mungu mmoja asisumbuliwe kwa ibada yake. Simsifu kwa yote. Vyeo vya serikali viliachiwa Wakristo, kwa hiyo Muislamu au Myahudi angesali salama lakini asingetawala. Na Penn mwenyewe alimiliki watumwa. Marafiki walichelewa kuuacha utumwa. Waliofika Banani, Pemba, mwaka 1897 walikuja kwa ajili ya walioachwa huru kwenye mashamba ya karafuu, na mashamba yale yalikuwa ya nani tunajua.

Uingereza yenyewe iliwaruhusu Quaker kukusanyika mwaka 1689, Wakatoliki wakaachwa nje. Penn uzeeni alifungwa kwa madeni, akafa 1718, na amezikwa Jordans, si mbali na London.

Mjukuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kofia yangu nilirudishiwa. Nikamwambia hapana.