Jakob Henle

Friedrich Gustav Jakob Henle (Fürth, Bavaria, 1809 – Göttingen, 1885) alikuwa daktari na mtaalamu wa anatomia kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kitanzi cha Henle kilichomo ndani ya figo na kwa shina la Henle, vena fupi iliyo mbele ya kongosho.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyojiunga na Uprotestanti alipokuwa mtoto. Alisomea udaktari Bonn na Heidelberg, akahitimu mwaka 1832, kisha akawa msaidizi wa Johannes Müller mjini Berlin. Alifungwa kwa muda mfupi kwa kuwa aliwahi kujiunga na chama cha wanafunzi kilichopigwa marufuku. Baadaye alikuwa profesa Zürich (1840), Heidelberg (1844) na Göttingen, tangu mwaka 1852 hadi kifo chake.

Mwaka 1846 alimwoa Elise Egloff, aliyekuwa mshonaji na yaya. Elise alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1848, akiacha watoto wawili.

Anatomia

Kitabu chake kikuu cha anatomia kilitolewa kati ya miaka 1855 na 1871. Mwaka 1868 alieleza jinsi vena ya tumbo na vena ya utumbo mpana zinavyoungana kuwa shina moja. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba mara nyingi shina hilo hupokea pia vena kutoka kongosho na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Damu hiyo huendelea hadi kwenye ini. Ukuta wa vena hizo ni mwembamba: daktari wa upasuaji akivuta utumbo kwa nguvu, zinaweza kuchanika na kutoa damu nyingi.

Nadharia ya maambukizi

Mwaka 1840 Henle aliandika kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo sana. Wakati huo hakuweza kuthibitisha hoja hiyo. Mwanafunzi wake wa Göttingen, Robert Koch, alitangaza mwaka 1882 kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa uliomuua Elise. Henle alikuwa bado hai.

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo, miaka 12 baada ya kifo cha mwalimu wake.