Habari za Arthur Rimbaud, Mshairi Aliyechukuliwa na Wapagazi

Wengi waliotoka Ufaransa walikuja Afrika kuhubiri. Sisi tufundishao hapa Buguruni twataka kuwaeleza habari za mmoja aliyekuja kuuza na kununua.

Arthur Rimbaud alizaliwa Charleville, kaskazini ya Ufaransa, mwaka 1854. Alipokuwa na miaka 16 alikwisha kutunga mashairi yaliyowashangaza washairi wa Paris. Lakini kabla hajatimiza miaka 22 akaiweka kalamu chini, asitunge tena.

Mwaka 1880 akafika Aden, na wafanyabiashara wa kahawa wakampeleka Harar, mji ambao leo umo katika Ethiopia. Huko alinunua kahawa, ngozi na pembe, akajifunza lugha za wenyeji. Mara kwa mara aliwaandikia watu wa kwao kwamba atakwenda Unguja, hakufika. Alifahamiana na Askofu Taurin Cahagne wa Wakapuchini, shirika lile lile lililokuja kutuhudumia Dar es Salaam tangu mwaka 1921.

Mwaka 1886 jarida moja la Paris lilichapa mashairi yake, naye yuko Tajura pwani akingoja ngamia wa msafara. Mashairi hayo yakasomwa baadaye na Léopold Sédar Senghor wa Senegal na Aimé Césaire wa Martinique, watu weusi waliotunga kwa Kifaransa. Ngamia wale walichukua bunduki yapata 2,000 za kumwuzia Mfalme Menelik, naye mfalme akamlipa chini ya alivyotumaini. Kwa hasara hiyo hatumwonei huruma sana.

Mwaka 1891 goti lake la kulia likavimba, asiweze kutembea. Wapagazi 16 wakamchukua katika machela toka Harar hata bandari ya Zeila, yapata kilomita 300. Siku moja, walipofika kituoni, wakamtupa chini. Akawatoza wanne faini, riale moja kila mtu, akayaandika majina yao katika daftari. Kariakoo yetu ilipata jina kwa wapagazi wa vita ya 1914–1918. Majina ya wanne hawa yamebaki kwa sababu ya faini ile.

Huko Marseille akakatwa mguu, akafa tarehe 10 Novemba 1891, mwenye miaka 37. Katika ugonjwa wake alimkumbuka Jami, mtumishi wake wa Harar, akaagiza apelekewe fedha. Dada yake akazipeleka kwa Askofu Taurin. Jami alikuwa amekwisha kufa. Wakapewa warithi wake.