A.P. Møller: Mwana wa nahodha aliyeijenga Maersk

Kontena zenye jina la Maersk na nyota nyeupe ya ncha saba ni jambo la kawaida bandarini Mombasa. Nyota hiyo ilianza kama shukrani ya nahodha mmoja wa Denmark, Peter Mærsk Møller, kwa Mungu, baada ya mkewe kupona maradhi. Mwaka 1886 aliinunua meli ya mvuke iitwayo Laura, akaichora nyota hiyo kwenye dohani yake.

Hata hivyo, aliyeigeuza alama ya nyumbani kuwa ya dunia ni mwanawe, Arnold Peter, aliyezaliwa Oktoba 2, 1876, mjini Dragør. Alilelewa Svendborg, mji ambao matajiri wake walikuwa bado wamezoea tanga na kuushuku mvuke. Kijana huyo alijifunza biashara Uingereza na Urusi, akarejea Copenhagen mwaka 1904.

Aprili 16 mwaka huo, baba na mwana walianzisha kampuni Svendborg kwa mtaji wa krona 150,000. Meli yao ya kwanza haikuwa mpya. Mwana hakuacha kazi yake ya mshahara kwa mawakala wa meli. Aliiendesha kampuni ya familia sambamba na ajira hiyo.

Mvutano haukukawia. Nahodha mzee alikuwa mwangalifu. Mwana alitaka meli zaidi, na upesi. Wengi wangegombana wakagawana mali. A.P. alichagua njia nyingine: mwaka 1912 aliunda kampuni ya pili, ambayo angeweza kuipanua atakavyo, huku akiendelea kuisimamia ile ya kwanza. Kampuni hizo mbili zikawa chini ya uongozi mmoja, na mzee akaishi hadi 1927 akiuona ukuaji ambao yeye mwenyewe asingeuharakisha.

Baadaye A.P. alianzisha kiwanda cha kuunda meli Odense. Mwaka 1928 aliingia katika usafirishaji wa mafuta, na meli zake zikaanza safari za ratiba kutoka Marekani hadi Mashariki ya Mbali.

Aprili 1940, Ujerumani ilipokuwa karibu kuivamia Denmark, aliwaagiza manahodha wake wafuate amri kutoka New York. Mwanawe, Mærsk, akiwa na umri wa miaka 26, alipelekwa Marekani kuiongoza biashara kutoka huko.

A.P. Møller alifariki Juni 12, 1965, akamwachia mwana huyo usukani. Meli ya kwanza ya kampuni hiyo iliyoundwa mahsusi kwa kontena ilianza safari miaka 10 baadaye.