Al Boasberg, Muuza Vichekesho
Marehemu Al Boasberg, mzaliwa wa Buffalo, Marekani, mwaka 1891, hakuwa mwigizaji. Aliishi kwa kuwatungia vichekesho wachekeshaji wa majukwaani, kama George Burns na mkewe Gracie Allen, sifa zikabaki kwao. Mwaka 1926 alishiriki kuandika sinema ya Buster Keaton, The General: dereva wa gari-moshi awafukuza peke yake wapelelezi wa adui walioiba injini yake vitani, mwaka 1862. Askari aliyewahi kulinda reli ataifurahia mno. Mwaka 1937 aliwaandikia ndugu wa Marx vichekesho vya A Day at the Races. Ukazuka ugomvi juu ya mpangilio wa majina ya waandishi, na lake halikuonyeshwa kabisa. Alifariki Juni mwaka huo huo, sinema ikiwa ndiyo kwanza imetoka.