Herman Hollerith: Mtu wa kadi zenye matundu

Mkulima anapopima kahawa au korosho zake kwenye chama cha ushirika, karani huandika jina, kilo na daraja kwenye daftari, kisha humpa stakabadhi. Kuandika si kazi kubwa. Ugumu huja mwisho wa msimu, pale mwenyekiti anapotaka kujua jumla ya kilo za kila kijiji, na siku ya pili anataka jumla ya kila daraja. Daftari ni lile lile, lakini kila swali jipya humlazimu karani kufunua kurasa zote tangu mwanzo.

Herman Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, Marekani, kwa wazazi waliohama kutoka Ujerumani. Alisomea uhandisi wa migodi katika chuo cha Columbia, New York, akamaliza mwaka 1879. Mwalimu wake mmoja alimchukua kwenda kufanya kazi ya sensa ya mwaka 1880, na huko ndiko alikoliona tatizo hilo la daftari kwa ukubwa wa kutisha. Watu milioni 50 walihesabiwa kwa kalamu na karatasi. Makarani walijumlisha kwa miaka mingi, hadi sensa nyingine ikawa inakaribia.

Daktari John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo, alimdokeza kijana huyo kwamba kazi ya namna hiyo ingefaa kufanywa na mashine. Hollerith alilichukua wazo hilo. Jingine alilipata ndani ya treni. Siku hizo makondakta walitoboa tiketi mahali maalumu ili kuonyesha sura ya abiria, kama rangi ya nywele au ya macho, mtu mwingine asije akaitumia. Kwa nini kila mtu anayehesabiwa asiwe na kadi yake, na kila jambo lake likawa tundu?

Mashine aliyoiunda ilifanya kazi hivi. Kadi iliwekwa chini ya pini nyingi. Penye tundu, pini ilipita na kugusa zebaki iliyokuwa chini yake, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Pasipo na tundu, pini ilizuiwa na hakuna kilichosogea. Kadi ile ile ingeweza kurudishwa mara nyingine kujibu swali jingine, na kwetu sisi huo ndio uvumbuzi wenyewe, kuliko hata umeme: taarifa huandikwa mara moja, huulizwa mara nyingi.

Alipata hataza mwezi Januari 1889, na mashine zake zikashinda mashindano ya kuchagua njia ya kuhesabu sensa ya mwaka 1890. Miezi michache tu baada ya watu kuhesabiwa, jumla ikatangazwa: zaidi ya milioni 62. Wapo waliokasirika, kwa kuwa walitarajia taifa liwe kubwa zaidi, wakasema mashine imekosea.

Lakini sensa huja mara moja kila miaka 10, na mtu hawezi kula mara moja kwa miaka 10. Hollerith akageukia wafanyabiashara. Shirika la reli la New York Central lilikuwa na hati za mizigo karibu milioni 4 kwa mwaka, na wakubwa walitaka kujua uzito uliosafirishwa na fedha iliyoingia. Hapo mashine ya sensa haikutosha. Kuhesabu vichwa ni moja na moja, ila mizigo ina kilo na bei. Ikambidi atengeneze mashine ya kujumlisha, na kadi yenye safu za tarakimu. Mwaka 1896 akaanzisha kampuni, Tabulating Machine Company. Kuanzia hapo meneja aliweza kuona hali ya biashara wakati bado ana nafasi ya kuirekebisha.

Hakuwa mtu mwepesi. Mashine zake hakuziuza, alizikodisha, na kadi mteja alipaswa kuzinunua kwake. Aliyekwisha kuweka hesabu zake zote kwenye kadi hizo hakuwa na pa kwenda. Idara ya sensa ilichoshwa na bei zake, ikaachana naye na kutengeneza mashine zake yenyewe. Hollerith alikwenda mahakamani bila kufanikiwa, na James Powers, aliyeunda mashine za idara hiyo, akaja kuwa mshindani wake sokoni.

Mwaka 1911, afya yake ikiwa imedhoofika, aliiuza kampuni. Iliunganishwa na kampuni za mizani na za saa za kuandikisha wafanyakazi, na mwaka 1924 muungano huo ukaitwa IBM. Hollerith aliendelea kuwa mshauri hadi 1921, kisha akajishughulisha na ng'ombe wake wa maziwa shambani. Alifariki Washington tarehe 17 Novemba 1929. Mwaka mmoja kabla, IBM ilikuwa imetoa kadi mpya ya safu 80, ambayo baadaye ilitumika kuingiza taarifa kwenye kompyuta kwa miaka mingi.